Shajara ya mradi: Kurekodi sauti ya kalafati, Nungwi

Alhamisi 20 Juni 2024, Dar

Kazi imepita. Dada mmoja dairekta ambaye tumeshafanya naye kazi mbili huko nyuma anatengeneza filamu fupi ya dakika kama 25 juu ya mafundi wa majahazi wa Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya Unguja. Kamera moja, timu ya watu watatu, na sauti yote iko juu yangu. Kuna chombo kimoja kipo hatua za mwisho mwisho, mbao zimeshafika juu, kimebaki kutiwa kalafati, yaani kuzibwa pamba kati ya mbao na mbao, na kupakwa halafu kinashuliwa majini kwenye bamvua, yale maji makubwa, la mwanzo wa Agosti. Kwa hiyo nina wiki tatu hivi za kupanga vifaa na siku chache mno za kurekodi, na ukikosa umekosa, chombo hakishuliwi mara mbili.

Bajeti ya vifaa ni ndogo, nimeshaambiwa wazi. Nilichonacho mwenyewe ni rekoda moja ndogo ya Zoom F3, hedifoni za Sony MDR-7506, kebo tatu za XLR (plagi ya maiki yenye pini tatu), fimbo ya maiki, na wayalesi mbili ndogo (vifaa vya kurusha sauti bila waya) za maiki ya kola. Maiki nzuri ya fimbo sina tangu ile ya zamani iharibike, nitaeleza mbele. Sinunui wala siazimi kitu mpaka niende nikasikilize mahali penyewe, maana kila mara nilipoanza na orodha ya vifaa kabla ya kuijua sehemu nimeishia kubeba mzigo nusu yake hautumiki na kile kinachohitajika kimebaki nyumbani.

Iddi Kubwa ndo inaisha leo, mafundi wanarudi kazini kesho kutwa, basi kesho kutwa nipo huko.

Jumamosi 22 Juni, Nungwi

Nimeenda na hedifoni, simu na daftari tu. Nimekaa chini ya mkungu pembeni ya pwani wanapoundia kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka adhuhuri, naandika kila ninachosikia na saa yake. Alfajiri mpaka saa mbili pametulia, unasikia maji, kunguru, na mtu anayekohoa mbali. Saa mbili na nusu jenereta ya moja ya hoteli inawaka na haizimi tena, mngurumo wake uko chini chini, masikio yanauzoea baada ya dakika kumi ila maiki haizoei kitu. Saa tatu pikipiki, saa nne muziki wa ufukweni. Na juu ya vyote kusi. Upepo unavuma siku nzima bila kupumzika, makuti yanachakata, na turubai walilofunga kwa kivuli linapiga piga kama mtu anakung'uta mkeka.

Nilimsalimia fundi mkuu, mzee wa makamo ya babu yangu, nikamwambia shikamoo mzee, mi ndo yule wa kurekodi sauti. Akaitikia, akasogea kando kidogo nikae, akasema basi sikiliza. Pamba alikuwa ameshaisokota kama kamba nyembamba, imeloa mafuta mpaka inang'aa, anaiweka kwenye upenyo kati ya mbao na mbao halafu anaishindilia kwa kipande cha chuma butu na nyundo ya mti. Nikamuuliza anajuaje pamba imetosha. Akanambia, "Miye sitazami, nasikiliza. Upenyo ukiwa na njaa walia mbovu. Ukishiba walia mkavu."

Nikafumba macho. Du, du, du, du, halafu ghafla ta. Akaacha, akasogea mbele kidole kimoja, akaanza upya. Mara ya tano au ya sita ndo nikaanza kuipata ile tofauti kabla yeye hajaacha, na hapo nywele zilinisimama maana nikaelewa kazi yangu kwenye filamu hii ni nini hasa. Mahojiano yatapatikana, bahari itapatikana. Ila kama mtazamaji aliyekaa na simu yake Mwanza au Mombasa hatausikia upenyo ukishiba, hajaona kazi ya huyu mzee, ameona mtu anagonga mbao.

Nikasimama hatua tatu nyuma, pale ambapo kamera itakaa. Ile tofauti haisikiki. Upepo umeila yote.

Jumatano 26 Juni, Dar

Leo rekoda. Naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu vijana wawili wanaojifunza hii kazi wameniuliza.

F3 ilitoka 2022, ina chaneli mbili za XLR, inakula betri mbili za AA, na haina kitufe cha geini, yaani cha kupandisha na kushusha kiwango cha sauti, kabisa maana inarekodi kwa biti 32 floti peke yake. Maana yake ni hii: faili la biti 16 lina nafasi ya kama disibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 kutoka sauti ndogo mpaka kubwa, la biti 24 kama 144, na la biti 32 floti linapita disibeli 1,500, ambayo ni zaidi ya kelele yoyote duniani. Kwa vitendo ni kwamba mzee akinong'ona halafu akagonga msumari, vyote viwili vinakaa ndani ya faili moja bila mimi kugusa kitu, hata mawimbi yakionekana yamepasuka kwenye skrini unayashusha kwenye kompyuta yanarudi mazima. Zamani hapo ningekuwa na kidole juu ya geini muda wote na bado ningekosea.

Ila kuna kitu watu wanaambiwa nusu. Hiyo nafasi yote ipo ndani ya rekoda. Haipo kwenye maiki. Maiki yenyewe ikizidiwa, au transmita ya wayalesi, ile inayorusha sauti, ikizidiwa kabla sauti haijafika kwenye rekoda, unachopokea tayari kimeshaharibika na biti zako 32 zinatunza uharibifu ule ule kwa usahihi mkubwa. Na upepo hauondolewi na biti. Wala umbali.

Swali langu lilikuwa kama F3 inatosha. Kwa siku za kalafati inatosha kabisa. Kwa siku ya kushua haitoshi, nataka maiki ya fimbo, maiki mbili za kola, na jozi ya maiki za sauti za mazingira, hizo ni chaneli tano. Nimelinganisha MixPre-6 ya Sound Devices na Zoom F6. Priampu za MixPre, zile zinazokuza sauti ya maiki, mi nazipenda, zina utulivu fulani ukiongeza sauti, ila kinachopatikana kuazima kwa rafiki ni F6, ina XLR sita, biti 32 floti nayo, inapokea taimukodi (alama za saa za kulinganisha sauti na picha), na inakula betri zile zile za mgongoni za aina ya NP-F ambazo dada dairekta anatumia kwenye taa zake. Hiyo ya betri ndo iliyomaliza mjadala. Kwenye kijiji ambacho umeme unaweza kuzima katikati ya siku, aina moja ya betri kwa timu nzima ni utulivu wa moyo.

Wakati nasoma soma nimekumbuka Stefan Kudelski, yule Mpolandi aliyekuwa Uswisi, alitoa Nagra ya kwanza mwaka 1951, rekoda ya tepu ya kubeba ambayo mota yake ilizungushwa kwa springi unayoikoroga kwa mkono. Nagra kwa Kipolandi maana yake "itarekodi". Jina zuri sana kwa chombo, ni ahadi.

Jumapili 30 Juni, Dar

Maiki. Hapa ndo pesa imeenda na hapa ndo ilipaswa kwenda.

Ile maiki yangu ya zamani ilikuwa kondensa ya kawaida, ndefu, ya bei ya kati, na haikuwa mbaya ndani ya studio. Masika ya mwaka jana nikaipeleka Pangani. Siku ya pili ikaanza kutoa vimlio kama bisi zinapasuka kwenye sufuria, kidogo kidogo halafu mfululizo, mahojiano ya saa nzima ya bibi mmoja yakaharibika na yule bibi hakuwa na nguvu ya kurudia. Sababu ni unyevu. Kondensa ya kawaida inategemea chaji ya umeme ikae kwenye kiwambo chembamba, hewa ya pwani ikijaa maji na chumvi chaji inaanza kuvuja na kila kivujo ni mlio. Sennheiser MKH 416 inafanya kazi tofauti, inatumia mawimbi ya redio ndani yake badala ya kuweka volti kubwa kwenye kiwambo, kwa hiyo unyevu hauisumbui hivyo, na ndo maana watu wa filamu za msituni na baharini wanaitumia miaka nenda rudi. Rode NTG3 inatumia njia hiyo hiyo. 416 mpya mwaka huu wa 2024 ni kwenye dola 1,000 na mi sina, nimepata iliyotumika kwa bei ya karibu nusu.

Iliyotumika lazima uijaribu. Nimesubiri mpaka jana usiku umeme ulipokatika mtaani, maana hapo friji zote, feni zote na tivii za majirani zinanyamaza kwa pamoja na unapata kimya ambacho Dar hakipo. Nikaiweka ndani ya kabati katikati ya nguo, rekoda kwenye betri, nikarekodi dakika kumi. Nilichokuwa natafuta ni ule mchuchumo wa maiki yenyewe. Kwenye karatasi ya 416 imeandikwa disibeli 13, yaani chini sana, na nilichosikia ni shhh laini iliyonyooka bila mikwaruzo wala vimlio. Nikaitingisha kebo, nikaipumulia pumzi ya moto kuiletea unyevu, bado imetulia. Nimelipa.

Kwa mazingira nimechukua jozi ya maiki ndogo zenye kapsuli (sehemu inayopokea sauti) ya Primo EM272, ni ndogo kama punje ya mahindi, mchuchumo wake uko kwenye disibeli 14, na bei yake ni ya kuvumilika kabisa ukilinganisha na zinachokupa. Hizi zinataka volti chache tu, kwa hiyo lazima adapta ya kushusha zile volti 48 za XLR. Adapta nimezifunga kwa tepu kwenye kebo zake kabisa zisiachane.

Kitu kimoja nimemwonya dairekta mapema: 416 ni ya nje. Ndani ya nyumba ya mawe yenye bati juu inaanza kusikika kama mtu yuko ndani ya pipa, maana sauti zinazorudi ukutani zinaingia ubavuni zikiwa zimegeuka geuka. Mahojiano ya ndani tutatumia maiki ya kola na kutundika magodoro na kanga nyuma ya kamera.

Alhamisi 4 Julai, Kariakoo

Siku nzima ya manyoya, na nimeifurahia kuliko siku zote.

Kinga ya upepo ya dukani ya kampuni kama Rycote, wale Waingereza wenye kazi hiyo tangu 1969, ni nzuri mno ila seti kamili haimo kwenye bajeti hii. Nikaamua kushona. Watu wengi wanadhani manyoya ndo yanayozuia upepo. Manyoya yanauvunja vunja tu. Kinachozuia hasa ni hewa iliyotulia kati ya ganda la nje na maiki, kwa hiyo unahitaji kizimba kwanza, chenye nafasi, halafu manyoya juu yake. Kizimba nimetengeneza kwa wavu mgumu wa plastiki, nimeukunja kuwa bomba, maiki inaning'inia katikati kwa raba, na kila upande kuna nafasi ya vidole vitatu. Juu ya wavu soksi nyembamba ya nailoni. Juu ya hiyo manyoya.

Manyoya yenyewe nimezunguka maduka manne. Kitambaa kikiwa na mgongo wa gundi au mpira hakifai, kinaziba sauti za juu zote na ule mlio mkavu wa mzee upo huko huko juu. Jaribio ni rahisi, unakiweka mdomoni unapuliza, pumzi ikitoka upande wa pili bila shida nunua, ikirudi usoni rudisha. Duka la nne ndo nikapata, rangi ya kijivu, unywele mrefu kama kidole gumba, mgongo wa nyuzi.

Mama mshonaji wa pale ghorofani akaniuliza, "Mwanangu hii ni nguo ya nani?" Nikamweleza, nikampa hedifoni, nikaipuliza maiki bila kinga akashtuka akazivua, nikaivisha kizimba na kipande cha manyoya nikapuliza tena akanyamaza. Akasema sasa nimeelewa, basi mshono uwe ndani na usibane. Ameshona kwa saa moja na ameweka na zipu upande wa nyuma ambayo mi sikuifikiria, sasa naweza kutoa maiki bila kuvua koti lote. Nimejaribu mbele ya feni kubwa namba tatu. Kinachobaki ni mngurumo mdogo wa chini ambao naukata kwa kupunguza besi chini ya hezi 80, na sauti ya mtu imebaki safi.

Jumanne 9 Julai, Dar

Betri na kadi, haraka haraka. AA zangu ni Eneloop za kuchaji, kumi na mbili, nimeziandika namba ili zizunguke sawa. Kwenye menyu ya rekoda lazima uchague Ni-MH, maana hizi ni volti 1.2 na sio 1.5, ukiacha kwenye alkalaini mita ya betri inakudanganya. Zile volti 48 za maiki nazo zinakula betri, ukimaliza kurekodi zima.

Kadi: hezi 48,000, biti 32, chaneli mbili ni karibu GB 1.4 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba saa 20 na zaidi. Nimechukua kadi nne ndogo badala ya moja kubwa. Vipakiti vya kunyonya unyevu vile vya kwenye maboksi ya viatu nimekusanya ishirini, vipo ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kila usiku vifaa vinalala humo.

Jumatatu 15 Julai, Nungwi

Kwenye boti begi lote nilipakata. Nilikuwa nawaza habari ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri, kwa sababu mashine hazikuwa huku. Leo rekoda ina uzito chini ya nusu kilo na ndo inayomfuata mwenye sauti.

Siku ya kwanza matokeo mchanganyiko. Maiki ya kola nilianza kuiweka kifuani kwa mzee chini ya fulana, jasho limeshuka moja kwa moja kwenye kapsuli na baada ya nusu saa sauti ikawa kama inatoka chini ya blanketi. Nikaitoa, nikaifuta, nikaianika kivulini ikarudi. Halafu nikamuomba kofia yake. Nimebandika maiki ndani ya ukingo wa kofia juu kidogo ya paji la uso, waya ukapita nyuma ya sikio, na maneno yanaingia sawa sawa hata akiinama, na kofia yenyewe inakinga upepo. Safi kabisa. Akaivaa, akaigusa, akasema haimuwashi.

Shida ikaja kwenye wayalesi. Hizi ndogo za kisasa zinatumia masafa ya GHz 2.4, yale yale ya wai-fai, na hoteli za karibu zina wai-fai mpaka ufukweni. Mwili wa mtu nao unayameza hayo masafa. Mzee akigeuka akaweka mgongo kati ya transmita na mimi, sauti inakatika vipande. Akienda upande wa pili wa jahazi inapotea kabisa. Bahati transmita hizi zinarekodi ndani yake zenyewe, kwa hiyo jioni nimechukua faili kutoka huko na mapengo yamezibika. Kuanzia sasa hiyo ndo sauti rasmi, inayokuja hewani ni ya kusikilizia tu.

Jumanne 16 Julai, Nungwi

Leo kalafati. Nimeamka saa kumi alfajiri, tumekubaliana na mzee aanze saa kumi na mbili kabla ya jenereta.

416 kwenye fimbo, kwanza mita mbili ili isiingie kwenye fremu, halafu mita moja, halafu sentimita 50. Kila ukipunguza umbali kwa nusu unapata disibeli sita bure za kile unachokitaka, na upepo na bahari vinabaki pale pale vilipo. Mita mbili: kugonga tu. Mita moja: kuna tofauti ukiwa unajua unachotafuta. Sentimita 50: ipo, unaisikia, ila na kusi imo, na kila akibadilisha mkono fimbo yangu inaingia kwenye picha, dairekta amevumilia mara nne akaniambia kwa upole kwamba hana picha hata moja anayoweza kutumia.

Na ile ya kofia imepasuka. Nyundo iko karibu mno na kichwa chake, transmita imezidiwa kabla haijarekodi, na kama nilivyoandika tarehe 26 hakuna cha kurudisha. Nimeshusha kiwango cha transmita kwa disibeli 12, maneno yamekuwa madogo lakini mazima.

Usiku nimesikiliza mpaka saa sita. Sina upenyo ukishiba. Nina kitu kinachofanana nao.

Alhamisi 18 Julai, Nungwi

Nimeipata.

Jana niliingia ndani ya jahazi kumpelekea kijana mmoja maji, nikachuchumaa kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, kusubiri, na mzee alikuwa anagonga upande wa nje. Humo ndani hakuna upepo. Kuta za mbao zimeuzuia wote, jenereta inasikika mbali kama iko kijiji kingine, na kila pigo linapita kwenye ubao linakuja kwako lote, mbele ya uso. Du, du, du, halafu ta, na ile ta inakimbia ndani ya chombo kizima kutoka tezi mpaka omo, nyuma mpaka mbele.

Leo alfajiri F3 nimeilaza kwenye kitambaa juu ya taruma, zile punje mbili za Primo nimezitenganisha sentimita 40 kwa kijiti, zimeelekea ubao ambao mzee ataufanyia kazi, karibu kama urefu wa mkono. Nikabonyeza rekodi nikatoka nikafunga nafasi kwa gunia. Hakuna fimbo, hakuna mtu ndani, kamera ipo huru nje. Saa mbili na dakika kumi mfululizo.

Nimesikiliza mchana kwenye kivuli, nahesabu. Upenyo wa kwanza mapigo kumi na saba halafu ukashiba. Wa pili kumi na mbili. Kuna mmoja umekwenda mapigo thelathini na moja na unasikia anavyosita, anaongeza pamba, anarudi. Kwenye dakika ya arobaini anaanza kuimba taratibu, mwenyewe peke yake, na sauti yake inapita kwenye mbao ikiwa imelainika. Kabla ya kuitumia hiyo nimemwendea nikamwambia, mzee umerekodiwa unaimba, nifute au nibakishe. Akafikiri. Akasema, "Bakisha, nyimbo ya baba'angu hiyo."

Dairekta amesikia akakaa chini mchangani bila kusema kitu, halafu akarudi kupiga picha za mikono kwa karibu ili zilingane na mapigo. Ulinganishaji tumefanya kwa kugonga ubao pigo moja kubwa mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni, maana saa ya kamera na saa ya rekoda haziendi sawa kabisa na kwenye rekodi ndefu zinaachana.

Jumapili 28 Julai, Dar

Nakala tatu za kila kitu, diski mbili na moja kwa dairekta. Plagi moja ya XLR imeanza kuota kijani ndani ya siku nne tu za chumvi, nimeikata nimechomelea mpya. Nyingine zote nimefuta kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo halafu kikavu. F6 nimeichukua leo, nimeshinda napitia menyu moja moja mpaka vidole vimezoea, siku ya kushua sitakuwa na muda wa kutafuta kitu.

Jumatatu 5 Agosti, Nungwi

Mwezi mpya, bamvua, maji yanajaa kuelekea saa kumi na moja jioni na tofauti ya kupwa na kujaa wakati huu ni kama mita nne. Watu wamejaa pwani, wazee mpaka watoto.

Mpangilio: F6 kwenye begi begani, 416 mkononi, maiki ya kola moja kwa mzee kofiani na nyingine kwa kijana anayeongoza wimbo wa kuvuta. F3 na Primo nimeziweka juu ya mkungu, kama mita tatu kutoka chini, zikiwa zimevalishwa manyoya, ziuchukue umati mzima bila kuguswa na mtu.

Watu wakishika kamba hawasubiri mtu wa sauti. Kiongozi anatoa sauti moja nyembamba, kimya, halafu wanaume zaidi ya hamsini wanaitikia kwa pigo moja na chombo kinasogea hatua moja juu ya magogo. Kutoka ile sauti nyembamba mpaka lile itikio ni tofauti ambayo zamani ningeikosa mara tatu za kwanza. Leo sijagusa geini hata mara moja, macho yangu yote yalikuwa kwenye kusimama mahali sahihi, na hiyo ndo zawadi yenyewe ya biti 32, inakurudishia mikono na macho. Nilikuwa naenda sambamba na omo, maiki chini ya kiuno nikiielekeza kwenye magogo, maana mlio wa magogo chini ya uzito ule ni kama mnyama.

Maji yalinifika magotini, begi nikalipandisha kifuani. Chombo kilipoelea magogo yalinyamaza yote kwa pamoja, na kwa sekunde mbili tatu hakuna mtu aliyetoa sauti. Halafu vigelegele. Hizo sekunde ninazo kwenye chaneli zote tano.

Ijumaa 16 Agosti, Dar

Kwenye meza ya kuhariri. Tumeweka rekodi ya ndani ya jahazi chini ya picha za mikono, tumeongeza kidogo ile 416 ya sentimita 50 ili nje nako kuwepo, na wimbo wa mzee umeachwa peke yake dakika nzima bila muziki wowote juu yake. Nikaomba tuisikilize kwenye simu ya kawaida, spika yake ndogo, mezani, feni imewashwa. Mdogo wake dairekta, ambaye hajawahi kufika Nungwi wala hajaambiwa kitu, alikuwa anapita na chai. Akasimama akaangalia mapigo kadhaa, halafu akasema, hapo imejaa.

F6 inarudi kwa mwenyewe kesho. 416 iko kwenye ndoo yake. Nimebakiza kurekodi kimya cha chumba cha nyumbani kwa mzee, dakika moja tu ambayo niliisahau, na nitarudi kuichukua Jumanne.